Pindo la Mwanafunzi

Saa tatu asubuhi, siku ya Jumatatu, Kulthumu alikuwa amepiga magoti mbele ya Mama Nono, pini nne mdomoni, akipandisha pindo la sketi ya kikwembe, yaani kitenge. Ilikuwa sketi ileile aliyoipandisha Jumatatu iliyopita, na Jumatatu ya kabla yake. Kwanza alikuwa amemsimamisha mama huyo kwenye mwimo wa mlango, pale walipopigilia utepe wa kupimia kwa misumari, akaona sentimita mbili zimepungua tena. Akaziandika katika daftari la vipimo, akachukua chaki.

"Uko ku sura ya ngapi, Mama?" aliuliza Aruna, baba yake Kulthumu, bila kuacha kukanyaga mashine yake.

"Ya tatu," alijibu Mama Nono. "Inaitwa Ukiuliza, Jishushe. Mi nilikuwa nauliza mingi."

"Na bwana?"

"Iko bien, iko muzima. Iko vilevile."

Duka la Aruna lilikuwa chumba kimoja chenye paa la bati, kando ya barabara ya udongo mwekundu katika komini ya Annexe, pembeni mwa mji. Babu yake alitoka Maniema na mkasi mmoja, na tangu hapo familia haikushika kazi nyingine. Aruna alishona suti za wanaume, Kulthumu nguo za wanawake, na kila mmoja alikuwa na daftari lake. Katika daftari la Aruna hakuna kilichobadilika mwaka huo, isipokuwa matumbo. Katika daftari la Kulthumu wanawake wa mtaa mzima walikuwa wanateremka.

Sababu ilikuwa kijitabu. Kilikuwa na jalada la waridi, kurasa arobaini na pini mbili za chuma mgongoni, na kiliitwa Jishushe, Upendwe. Kiliuzwa Jumapili mbele ya makanisa na Ijumaa karibu na msikiti, maana kilihusu mabwana tu, na mabwana wako katika kila dini. Juu ya jalada palikuwa na picha ya mwandishi, Maman Estelle, ameketi kwenye kiti kikubwa, anacheka. Ndani mlikuwa na sura kumi na mbili, na kila sura iliishia kwa neno lilelile: jishushe. Mwanamke aliyesoma sura moja na kuikubali moyoni aliamka kesho yake akiwa mfupi kwa sentimita mbili.

Watu walizoea upesi. Vitabu visivyofanya kazi ni vingi, hiki kilifanya. Wauza mboga walikata miguu ya meza zao. Seremala wa kona aliacha vitanda akashika vigoda, na kila mwanamke akawa anatembea na kigoda chake kama anavyotembea na mkoba. Kanisani waliosoma zaidi walipewa mabenchi ya mbele. Nyumbani, rafu zilibaki pale zilipokuwa.

"Zamani tulikuwa tunagombana kila siku," Mama Nono alieleza huku akigeuka polepole ili pindo liwe sawa. "Sasa hapana. Kutoka huku chini hanisikie vizuri."

Kulthumu alitikisa kichwa. Alikuwa msichana wa haya, na aligundua mapema kwamba mtu mwenye pini mdomoni hadaiwi majibu. Kuna siku alizishika hata kama hakuna kitu cha kubana.

Katika kazi yao palikuwa na maneno mawili. Kupandisha nguo ni kuifupisha: unakunja chini, unakata kinachozidi, unashona. Kushusha nguo ni kinyume chake: unafungua uzi wa pindo, unatoa kitambaa kilichokuwa kimekunjwa ndani, unapiga pasi, nguo inarefuka. Kushusha kulikuwa kazi ya Septemba. Akina mama walileta sketi za buluu za masomo, na Aruna alifungua pindo pana la kiganja kizima, lile alilolikunja mwaka uliopita kwa kujua kwamba mtoto atakua. Lilikuwa na jina lake, pindo la mwanafunzi. Tangu kijitabu kilipofika, kupandisha kulijaza wiki nzima, na kushusha kukabaki kwa watoto tu.

Plamedie ndiye mteja ambaye Kulthumu hakutaka kumpandishia.

Walikutana darasa la kwanza. Plamedie aliketishwa nyuma kwa sababu ya urefu, na Kulthumu akajificha huko nyuma kwa sababu ya haya. Mama yake Kulthumu alipofariki, mashine yake ilibaki bila mtu, kwa hiyo Kulthumu aliacha shule katikati ya darasa la tano akaikalia. Plamedie aliendelea, lakini kila alasiri alipita dukani na begi lake mgongoni kusema walichofundishwa, mpaka na yeye akamaliza na kukawa hakuna tena cha kusema ila mambo yao.

Alikuwa na urefu wa mita moja na sentimita themanini na mbili. Alichora vibao vya maduka, na katika mji wote hakuna mchoraji mwingine aliyefanya kazi hiyo bila ngazi. Alisimama tu, akainua mkono, na jina la duka likatokea juu ya mlango. Kibao cha AKSANTI ARUNA COUTURE kilikuwa chake. Hata taa ya dukani ilikuwa yake: ikiungua, walimwita, akaja, akafunga mpya akiwa bado anaongea habari nyingine.

Sylvain alimpenda hivyohivyo. Yeye alikuwa declarant, mtu wa kutengeneza karatasi za forodha katika ofisi moja ya mjini, kijana wa heshima ambaye viatu vyake vilikuwa safi hata wakati wa mvua. Alimkuta Plamedie anachora neno PHARMACIE juu ya duka la dawa, akasimama pale mpaka herufi ya mwisho, ndipo akamuuliza jina. Alikuwa na mita moja na sitini na nne na hakuona shida.

Shida ilianza siku ya mahari, mwezi wa nane, kwenye picha. Mpiga picha alimpandisha Sylvain juu ya kreti la bia, na picha ilipotoka, kreti nalo lilitoka. Kule ofisini wenzake waliizungusha simu meza kwa meza.

"Declarant," walimuuliza, "ile kreti, uliideclarer ku forodha?"

Sylvain alicheka siku ya kwanza. Siku ya pili alicheka kidogo. Wiki iliyofuata shangazi yake, Tantine Kalaba, alifika kutoka Kasomeno na kapu la samaki wakavu, na chini ya samaki palikuwa na kijitabu cha waridi.

"Hii haiko ya kukukataza kitu," alimwambia Plamedie. "Ni ya kukusaidia."

Ndoa ilipangwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja. Plamedie alileta satini nyeupe dukani, na Kulthumu akaikata kwa kipimo cha mwimo wa mlango: mita moja na themanini na mbili. Walipojaribu gauni mara ya kwanza lilikuwa na pini kila mahali, na lilimkaa vizuri sana. Walipojaribu mara ya pili, liligusa sakafu.

"Sura mbili," Plamedie alisema. "Si mingi."

Mara ya tatu lilikuwa linaburuta.

"Utafika mpaka wapi?" Aruna aliuliza, maana binti yake alikuwa na pini mdomoni.

"Mpaka sura ya tisa, Papa Aruna. Nilipiga hesabu. Ku sura ya tisa shee wawili na Sylvain tutakuwa sawa, na kreti itarudi ku bar."

Aruna alisema hesabu hiyo ni nzuri. Kulthumu aliinama akakunja satini kwa ndani, akaibana. Mkasi ulikuwa unaning'inia kwenye msumari wake. Hakuuchukua.

Mtu aliyetembea barabarani wiki zile aliweza kuona Plamedie amefika sura ya ngapi. Kibao cha saluni alikichora pembeni mwa mlango badala ya juu. Kibao cha kinu cha unga alikichora usawa wa dirisha. Cha fundi wa simu kilikuwa usawa wa kiuno, na mwenye duka alipokiona alirudi nyuma hatua mbili, akainama, akasoma.

"Iko clair, inasomeka," alisema. "Bantu batainama."

Watu wakainama kweli. Baada ya siku chache hakuna aliyepita pale bila kuinama kidogo, hata wale waliojua kilichoandikwa.

Siku ya Ijumaa, katikati ya mwezi wa kumi, Plamedie alifika na Sylvain mwenyewe. Alikuwa amemaliza sura ya tisa. Walisimama mbele ya kioo, bega kwa bega, na Sylvain akaweka kiganja chake juu ya kichwa chake, akakipeleka polepole kama anapima maji. Kiganja kiligusa nywele za Plamedie.

"Unaona?" alisema Plamedie. "Sawasawa."

Sylvain alitabasamu. Alimshukuru Aruna, akamshukuru na Kulthumu, wakatoka wameshikana mikono. Plamedie alikisahau kijitabu juu ya mashine, au alikiacha, kwa sababu kazi yake ilikuwa imekwisha.

Aruna alipokwenda msikitini, Kulthumu alibaki peke yake. Mvua ilianza kupiga bati, na hapakuwa na mteja. Akakichukua kijitabu. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, kwa sauti ndogo, kama walivyofundishwa. Sura ya kwanza ilisema mwanamke akimsalimu bwana wake ajishushe, akiingia chumbani ajishushe, akisifiwa ajishushe zaidi. Kulthumu alisimamisha kidole. Kwake neno hilo lilikuwa na maana moja, ile ya Septemba. Alielewa kwamba mwanamke anapoingia mahali afungue uzi wa chini, atoe kilichokunjwa ndani yake, akinyooshe. Aliona ni ushauri mzuri. Hakujua kwamba kuna watu walioandika kitabu juu ya jambo hilo. Akakubali moyoni, akakifunga.

Kesho yake mikono ya blauzi yake ilikuwa mifupi. Alisimama kwenye mwimo wa mlango. Alikuwa na mita moja na hamsini na tatu tangu alipokuwa na miaka kumi na saba, sasa alikuwa na hamsini na tano.

Aruna alimtazama juu ya miwani.

"Unakomea," alisema, kama mtu anavyomwambia mtoto anayekua. "Shusha ile gauni, miguu inaonekana."

Alisoma sura moja kila siku kwa siku saba. Alishusha magauni yake yote matatu, na kitambaa cha ndani, kile ambacho hakijapigwa na jua, kilikuwa na rangi kali kuliko cha nje. Zakari, fundi wa viatu wa mlango wa pili, ambaye tangu Ramadhani alikuwa akija kila asubuhi kuazima sindano ambayo hakuihitaji, alisimama mlangoni siku ya sita, akamwangalia kutoka chini mpaka juu.

"Anaendelea?" alimuuliza Aruna.

"Naona vile."

"Basi nitarudi akimaliza," alisema Zakari kwa adabu, akaenda na sindano.

Ijumaa iliyofuata Plamedie alirudi kuchukua kijitabu. Aliingia anaongea, kama kawaida yake.

"Sylvain aliwaza. Anasema mu photo, sawa haionekane sawa. Mu photo, sababu ya nywele, sawa inaonekana kama mwanamuke njo mukubwa. Donc basi nimalize tu zile sura tatu." Akainua macho. Kulthumu alikuwa amesimama, na Plamedie aliona kwamba anamtazama rafiki yake kutoka chini. "Weye. Unasoma kitabu gani?"

Kulthumu alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wa pini. Zilikuwa nne na zilichukua muda.

"Ile yako," alisema.

Kisha akamweleza. Hakuwa amesema maneno mengi namna hiyo kwa mara moja tangu darasa la tano. Alichukua sketi ya masomo iliyokuwa inangoja kwenye meza, akakata uzi kwa meno, akaliachia pindo likashuka, akasema hii njo kushusha. Akaikunja tena juu, akasema hii njo kupandisha. Akasema mu kitabu muzima hakuna mahali imeandikwa kupandisha, aliangalia.

Plamedie alicheka mpaka akakaa kwenye kigoda. Kisha akaacha kucheka, akafungua sura ya kwanza, akaisoma palepale huku ameishika ile sketi mkononi.

Jumamosi asubuhi alikuwa na mita moja na sitini na sita. Siku hiyo alikuwa na kibao cha duka la mikate, na alikichora usawa wa macho yake mapya, siyo juu kama zamani lakini juu ya kiuno. Herufi zilikuwa nene na zimechangamka, na M ilikuwa na miguu mirefu. Watu walioinama kwa mazoea waligonga paji la uso ukutani, wakainuka, wakasoma. Kulthumu alitoka mpaka barabarani kuiangalia. Walikubaliana kwamba Jumatatu atasoma ya pili.

Jumatatu hakuja. Alikuja Jumatano, na kabla hajasema kitu Kulthumu aliona gauni lake linagusa viatu.

"Jumapili aliniuliza kama niliacha kusoma," Plamedie alisema. "Hakukasirika. Aliuliza tu. Kisha mu taxi hakusema kintu mpaka ku nyumba."

"Ulimwambia vile neno iko?"

"Nilimwambia. Alisema ni muzuri kwa bikwembe."

Kulthumu aliokota uzi uliokuwa sakafuni.

"Iko muntu mwema, Kulthumu. Unamujua. Hanipige, hakunywe mingi, kila siku anauliza kama nilikula. Anaomba kintu moja tu."

"Kintu gani?"

"Ile photo."

Kulthumu alizitia pini mdomoni. Akamsimamisha kwenye mwimo wa mlango. Sitini na nne. Sura ya kumi ilikuwa imeshasomwa.

Ilibaki njia moja. Wiki ile ilijulikana kwamba kijitabu kinapigwa chapa mara ya tatu na kwamba Maman Estelle anatafuta fundi wa gauni la sherehe. Kulthumu, ambaye hata kwenye bomba la maji alisubiri wengine waanze kumsalimu, alimtumia ujumbe wa simu. Aliufuta mara tano, akautuma mara ya sita. Maman Estelle alifika Alhamisi. Ilibidi ainame ili apite mlangoni, na kilemba chake kikaigusa taa.

Kulthumu alimpima. Mita moja na sabini na tisa, bila viatu.

"Na Mama," aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilitoka, "Mama alifika sura ya ngapi?"

"Mi?" Maman Estelle alijitazama kwenye kioo, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia. "Mi niliandika, mutoto yangu. Kuandika na kusoma haiko kazi moja."

Kulthumu akasema alichokuwa amejifunza kwa moyo. Kwamba kwao kushusha ni kurefusha. Kwamba mwanamke akielewa vile, anakomea. Kwamba kitabu kizima kinaweza kubaki kilivyo, wala neno moja halitolewi, ila kwenye ukurasa wa kwanza, chini ya picha, kuongezwe mstari mmoja wa kueleza. Alikuwa ameuandika kwenye karatasi ya vipimo. Akaitoa.

Maman Estelle aliisoma mara mbili. Hakuwa mtu mbaya. Alifikiri kweli, kidole kwenye shavu.

"Ulisoma mpaka wapi?" aliuliza.

"Darasa la tano. Sikumaliza."

"Njo pale shida iko," alisema Maman Estelle kwa upole, akaikunja karatasi akaiweka mkobani, pamoja na leso. "Ni kosa ya kusoma. Haiko kosa yako. Lakini usibaambie bengine, bameisha kuzoea. Na ile mikono ya gauni, fanya mirefu."

Kulthumu alifanya mikono mirefu. Toleo la tatu lilitoka na jalada la zambarau, na mambo mengine yote yakabaki yalivyokuwa.

Baada ya sura ya kumi Plamedie alisoma ya kumi na moja na ya kumi na mbili, kisha akarudia ya kwanza, kwa maana ya kila mtu, ili kuwe na nafasi ya nywele. Siku mbili kabla ya ndoa alikuwa na mita moja na hamsini na nane. Alipanda kwenye kigoda ajaribu gauni mara ya mwisho, akashika kiuno.

"Iko nzito. Ulitia nini?"

"Ni pindo."

Plamedie aliinama akalipapasa. Satini ilikuwa imekunjwa kwa ndani, sentimita ishirini na nne, haikukatwa hata uzi mmoja, na Kulthumu aliishikiza kwa mishono mirefu ya mkono, ile ambayo mtu anaweza kuivuta ikatoka yote mara moja.

"Pindo hii yote ya nini?" alisema Plamedie. "Mi niko mutoto wa masomo?"

"Unaweza kukomea."

Plamedie alibaki na mkono kwenye pindo. Barabarani mtu alipita anauza maji ya baridi, akaita, akaenda zake.

"Acha vile," alisema.

Jumamosi alitembea polepole kanisani kwa sababu ya uzito, na watu walisema wamewahi kuona mabibi arusi wengi lakini hakuna anayetembea kwa unyenyekevu kama huyu. Tantine Kalaba alilia. Picha ilipigwa kwenye ngazi, Sylvain amesimama kwa miguu yake miwili, na yeye ndiye mrefu, na hapakuwa na kitu chini yake. Ilitoka vizuri sana. Kule ofisini hakuna aliyeizungusha, na Sylvain aliiweka ukutani sebuleni katika fremu ya dhahabu.

Kuanzia hapo Kulthumu hakukata tena nguo ya mwanamke yeyote. Alikunja tu. Aruna alilalamika juu ya uzi unaoisha, kisha akazoea. Sketi za mtaa zikawa nzito chini, na wanawake walipopita zilitoa sauti kama ya mtu anayefagia.

"Siku hizi najisikia mi mwenyewe nikitembea," alisema Mama Nono. Alikuwa amefika sura ya kumi na moja. Bwana wake alikuwa bien, vilevile.

Mwezi wa tatu, siku ya mvua kubwa, saa sita mchana kulipokuwa na giza kama jioni, Plamedie aliingia dukani na sketi mkononi na kigoda chake kwapani. Alikuwa anachora bado, namba za nyumba, chini ya mageti. Sylvain alikuwa mzima. Sylvain alikuwa amesema photo haina tatizo, photo ni muzuri, ila Jumapili, pale mke wake anavaa viatu virefu, ile photo na ile watu wanaona haviko kitu kimoja. Alimwomba asome tena, kidogo tu.

Kulthumu alimpima. Hamsini na nne.

"Ile gauni ya ndoa," aliuliza, "iko wapi?"

"Mu sanduku. Saa ingine Sylvain akiwa ku kazi naitosha inje, naingiza mukono mu pindo." Plamedie alionyesha kati ya kifundo cha mkono na kiwiko. "Inafika hapa."

Taa iliungua. Ilitoa mlio mdogo, ikazima, na duka likawa giza. Wote watatu walitazama juu, kisha Aruna na Kulthumu, kwa mazoea ya miaka, walimtazama Plamedie, naye akatazama mikono yake. Kulthumu alifungua droo, akatoa taa mpya, akasimama katikati ya chumba akainua mkono. Ulifika.

"Geuza polepole," Plamedie alisema kutoka chini. "Ile iko na mutindo yake. Ikikataa, rudisha kwanza nyuma. Nyuma. Voilà. Sasa kaza."

Taa ikawaka. Plamedie aliiangalia kidogo, kichwa upande mmoja, kama mtu anayekagua kazi yake.

"Basi pandisha," alisema. "Anarudi saa kumi na moja."

Kulthumu alipiga magoti, akatia pini nne mdomoni, akazikunja zile sentimita kwa ndani, juu ya zile nyingine.